Diski ya Harusi Tumboni mwa Laptopu

…siyo tundu hilo, shemeji, hilo la chaja, anasema mdogo wake mume wangu kwenye simu, yeye ndiye fundi wa ukoo, tafuta kitundu kidogo pembeni ya mlango wa diski, si lazima mashine iwake, ingiza tu, sukuma, mlango utafunguka wenyewe, utafunguka wenyewe, yeye yuko kwake amekunja nne, mimi nimepiga magoti sakafuni na kibanio cha karatasi nilichokinyoosha kwa meno, laptopu haitaki kuwaka na imemeza diski ya harusi ya binti yetu, nakala nyingine hakuna, humo ndimo mume wangu anasimama na kuwavunja watu mbavu, anamwambia mkwe wetu huyu ukishamchukua harudishwi, risiti nimeichana… nami sauti yake imeanza kunitoka kichwani, Mungu wangu, maneno nayakumbuka, sauti hapana, tangu kiharusi kimpige amebaki na neno moja, sabuni, sijui kwa nini sabuni, akitaka maji, sabuni, akiniita, sabuni, nikimuuliza unaumwa wapi, sabuni, nami najibu haya baba, haya, kama mtu anayebembeleza mtoto… "Sabuni," anasema kutoka kitini, ngoja baba, "Sabuni!" ngoja kwanza, si nakutafutia sauti yako, kibanio kimepinda tena, shemeji anauliza umesikia ka! kitu kikifyatuka, sijasikia kitu… "Sabuniii," sasa taratibu, akivuta mwisho, na mkono wangu unasimama, maana hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiniambia "mke wangu weee", kila aliponiona napigana na mfuniko wa chupa badala ya kumpa yeye, kuvuta kule kule, kicheko kile kile chini ya neno, nageuka, mdomo umeenda upande lakini macho yananicheka, ananitania huyu, pengine amekuwa akinitania muda wote nami namjibu haya baba, miezi yote hii nasikiliza neno, yeye mwenyewe simsikilizi, nimemkosea mume wangu jamani… haloo, shemeji, imetoka?, haijatoka, nasema, machozi yananishuka na kicheko kimenibana, haijatoka, hebu subiri kidogo, kaka yako anaongea.