Maji ya Mkunazi

Bi Mwanapili alikuwa ameosha maiti za wanawake wa Msambweni tangu ujana wake. Binti yake, Ummi, alipomwona anatia uji chumvi mara ya pili, na kumsikia akimwita dada yake aliyekwisha kufariki, alisema moyoni ni uzee tu. Ummi alikuwa na kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huko Galu. Baba yake, Mzee Mbarak, alikuwa kitandani tangu kiharusi kimnyamazishe, na mama ndiye aliyemtunza mchana. Kama mama hafai tena, atamwachia nani?

"Usipuuze, mwenzangu," jirani yao Kanyiva alimwambia akiwa upande wa pili wa ua. "Mama mkwe wangu kule Mackinnon Road alianza hivi hivi. Leo ananiita mwizi wa kuku, na yeye hana hata kifaranga."

Ummi alicheka. "Pengine wewe ndiye uliyewamaliza."

"Cheka tu. Muuguzi aliniambia kila juma analetewa mzee wa namna hiyo. Siku hizi wazee wetu wanaishi sana, ila akili zinatangulia."

Alhamisi Ummi alirudi mapema kwa kuwa umeme ulikatika hotelini. Mlangoni alipokewa na harufu ya kafuri. Uani, sufuria kubwa ilikuwa inatoa mvuke, majani ya mkunazi yakielea juu ya maji. Hakuhitaji kuuliza maji hayo ni ya nini.

"Inna lillahi," alisema, akakimbilia chumbani.

Baba yake alikuwa amelazwa chali, ameelekezwa kibla. Kitambaa cheupe kilimfunga kidevu mpaka utosini, na vidole gumba vya miguu vilifungwa pamoja. Mama alikuwa anaviringa pamba ya kuziba pua. Macho ya mzee yalikuwa wazi, yakimtazama Ummi.

"Mama, baba yu hai."

"Punguza sauti mbele ya maiti," mama alisema kwa upole. "Mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe. Nenda ukanikunjulie sanda."

"Anapumua, mama. Tazama kifua."

"Jamaa wote husema hivyo. Mimi nimeosha wangapi?"

Ummi alimpokonya pamba, akakifungua kitambaa. Mzee alivuta pumzi ndefu yenye mkoromo. Mama akamtazama, kisha akatabasamu.

"Mbarak, umeamka? Nikuletee uji?"

Jumatatu Ummi aliacha kazi. Alimwomba Mola riziki, na macho yasiyochoka. Lakini mwili una haki yake. Baada ya sala ya adhuhuri alijilaza kwenye mkeka, mlangoni pa chumba cha baba, na usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na mkono wa baridi. Mama alikuwa amechuchumaa, anampapasa nyayo, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi yake.

"Bado zina joto," mama alinong'ona. "Nitangoja."