Upawa wa Odile

Odile Choquette alikunywa kahawa yote, akarudisha kikombe na kusema asante. Armand, mdogo wake, akapiga funda moja la kikombe chake, akalitema sakafuni.

"Chumvi! Nimetia chumvi badala ya sukari. Dada, wewe hukusikia?"

Hakusikia. Kwa wiki tatu, tangu awamu ya nne ya kemo, zile dawa kali za saratani, kila kilichoingia kinywani mwake kilikuwa na ladha ya msumari. Alikuwa amelificha jambo hilo vizuri kama alivyoficha kipara chini ya kofia ya sufu, na sasa kikombe cha kahawa kimemuumbua.

Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu, na kila banda la shira huku Vermont lilikuwa linafuka moshi. Ndani ya banda lao utomvu wa miti ya mepo, unaopikwa mpaka uwe shira, ulitokota kwenye karai refu, mvuke mtamu umejaa hadi darini. Miaka thelathini Odile ndiye aliyesimama hapo, akichota kwa upawa, akilamba, akitangaza kwamba shira imeiva. Ukiitoa mapema inachacha chupani. Ukichelewa kidogo tu, inaungua, na karai linakwenda nayo. Mlima mzima ulikuwa ukiusifu ulimi wa Odile.

"Basi kaa pale," Armand akasema, kwa upole uliomuudhi Odile kuliko matusi. "Mwaka huu nitasimamia mimi. Ulimi huna, vidole vina ganzi, na asubuhi nimekusikia ukitapika."

"Nimetapika, nikapiga mswaki, nikaja kazini. Ulitaka nitapike mpaka Pasaka?"

"Dada, sitanii."

"Kwani mimi nacheka?"

Akafungua chupa yake ya achari ya matango, akatafuna kipande. Kila msimu wao hula achari hiyo pamoja na shira iliyomwagwa juu ya theluji, ili kukata utamu. Mwaka huu ameigeuza dawa. Ukali wa siki ndio pekee uliopenya kinywani mwake, na ndio uliotuliza kichefuchefu. Hata hospitali alikwenda nayo, wauguzi wakamcheka, yeye akaendelea kutafuna.

Lakini moyoni aliogopa, tusidanganyane. Saratani ilikwishamchukulia nywele, usingizi na hamu ya kula. Ikimchukulia na upawa, atabaki Odile gani?

Armand alichota shira kwenye kikombe kirefu, akatumbukiza kipimo chake cha kioo kinachoelea kuonyesha uzito wake, akakisogeza dirishani. "Nimepima. Bado."

"Armand, baba alitafuna tumbaku miaka hamsini. Ulimi wake ulikuwa mgumu kama kisigino. Aliwahi kuunguza?"

"Hata siku moja."

"Sasa nani alikwambia shira inapimwa kwa ulimi? Kulamba ni mbwembwe zangu za kuwafurahisha wageni, bwana!"

Akachota, akauinua upawa kwenye mwanga. Matone yalianguka moja moja, halafu yakashikana, yakaning'inia ukingoni kama pazia, alama ile ile aliyoingojea baba.

"Fungua bomba."

"Lakini nimepima sasa hivi..."

"Sasa hivi ya lini? Tumebishana tangu hapo. Fungua!"

Odile akaliwahi bomba la karai mwenyewe. Vidole vikakataa kushika. Vikateleza mara mbili, na povu linapanda, ukingo unaanza kuwa kahawia. Odile hakuwa mtu wa kuomba msaada. Akaomba.

"Armand, mkono wako!"

Armand akaruka, akazungusha bomba, shira ikamiminika. Ilipojaa ndoo akatumbukiza kipimo chake. Kikasimama kwenye mstari mwekundu, si juu, si chini. Akakitazama, akavua kofia yake kwa heshima.

"Yaani miaka yote hiyo ulikuwa unalamba bure?"

"Bure vipi? Si tamu, mjinga wewe!"

Armand akacheka, akatoka na bakuli, akarudi na theluji, akaimwagia shira ya moto. Odile akaficha mikono nyuma, maana tangu aanze dawa hizo kitu baridi kilimchoma kama shoti ya umeme.

"Onja wewe, uniambie."

"Mimi? Najua kusema mimi?"

"Sema tu."

Armand akatafuna. Taya zikasimama, macho yakajaa machozi.

"Ni ile ya baba," akasema. "Ile ile, dada."

Odile akameza mate yake ya msumari, akamwamini.

"Basi usisimame hapo unalia," akasema, akiuchukua upawa. "Ongeza kuni."