Nchi Isiyo na Mto

Mie Mama Tarsis nina mdomo, sikatai. Siku sukari ikipatikana duka la ushirika, nakaanga vitumbua barazani kwetu, Mtaa wa Msimbazi. Jirani yangu hapo hapo ni fundi Bushiri na cherehani yake, Mngazija wa visiwa vya Komoro. Basi huyo ndiye niliyekuwa nikimtania kutwa.

“Fundi, nchi gani haina mto hata mmoja? Sisi Songea tuna Ruvuma, wewe una pipa!” Maana alitega pipa chini ya bati, akikinga kila tone.

“Mvua kwetu inanyesha tele, Mama Tarsis. Tatizo jiwe la mlima, linainywa yote. Kisiwa kizima tunaishi kwa maji ya kukinga.”

“Kumbe mlima wenu mlevi! Siku moja utatapika, mtanikumbuka.”

Tulicheka hadi vitumbua vikaungua.

Haukupita mwezi, redio ikatangaza: mlima wa Ngazija umelipuka, moto umefunika kijiji. Bushiri akasimamisha cherehani. Huko ndiko alikoolewa dada yake, Sophia.

Jamani, mdomo huu! Niliona haya hata kumtazama. Siku tisa hakuna barua wala telegramu, nami kimya. Nikimpelekea kitumbua, naweka na kuondoka. Mvua ikinyesha, nakimbia mwenyewe kumfunulia pipa lake.

Siku ya kumi akaniita. “Mama Tarsis, mbona umeninyamazia hivi? Ukinyamaza wewe, naona kama dada yangu ameshazikwa. Nitanie, tafadhali.”

Nikajikaza. “Huyo Sophia wako, akija hapa akauona mto Msimbazi, atauliza nani kamwaga maji yote haya.”

Alicheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nikalia, nikasingizia moshi wa mkaa.

Ijumaa telegramu ikaja. Alinisomea: “Sophia mzima. Nyumba hakuna. Tangi limepona.”

Akaikunja, akaitia mfukoni, akavuta kiti hadi karibu na jiko langu. “Haya, Mama Tarsis. Mlima umetapika, nyumba imekwenda, limebaki tangi la maji. Anza.”

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, na mdomo wangu wote huu, halikutoka hata neno moja.