Kordi Chachu ya Kola

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa mpiga gita wa kwaya ya kanisa letu pale Kola, na kulikuwa na kordi moja, yaani noti kadhaa zikilia kwa pamoja, niliyoipenda kuliko chakula. Kidole changu cha mwisho kilipandisha noti moja kidogo tu, nyuzi zikagombana kama wake wenza. Ukiisikia, meno yanaingia ganzi kama umeuma ndimu, halafu unataka tena.

Mzee Bartholomew, mwenyekiti wa kwaya, hakutaka kuelewa. Kwake yeye, uzi wa noti hiyo ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Jumapili moja, sadaka ikianza, alikuja mbele ya waumini wote, akaulegeza uzi huo kwa mkono wake, akarudi kuketi akiwa ameridhika kabisa.

Sikupata nafasi ya kuukaza. Sasa noti niliyoipandisha ilikuwa imeshuka, kordi yangu ikalia tamu kama uji wa mtoto, na zingine zote zilizopita kwenye uzi huo zikawa chachu. Nikazipiga hivyo hivyo, kwa hasira. Kina mama wakacheza mpaka padri mwenyewe akatikisa bega.

Nje, Bartholomew alinishika mkono. "Leo umepiga gita, kijana wangu. Lakini kuna kordi moja ilikuwa imepoa kama ugali wa jana. Hiyo uitoe."