Ukweli Kuhusu Kisu cha Kukunja

Dorika, mama yake Upendo, alipofika gulioni Kitangari, Hamudi alikuwa amekwisha kuvishika visu vyote viwili vya kukunja vilivyobaki kwenye turubai la mchuuzi Nurdin. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na kazi ya kukata mabaki ya bibo, lile tunda la mkorosho, kwenye korosho haitaki kisu butu.

Nurdin alieleza bidhaa yake bila kuficha. Kimoja ni stenlesi: hakishiki kutu, lakini chuma chake laini, makali hayakai. Kingine ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi: makali yanakaa, ila usipokikausha kinaota kutu. Hamudi akakata bibo kwa vyote viwili, akasubiri. Stenlesi ikabaki inang'aa. Kile kingine kikashika madoa meusi.

Dorika alikitaka hicho cheusi. Alikuwa nacho cha namna hiyo miaka mingi mpaka kilipopotea shambani. Kusema uongo hakuweza, kwani njia nzima alikuwa akisali rozari. Lakini yeye na Hamudi ni watani, koo zao zimetaniana tangu enzi za mababu, na Hamudi hajawahi kuamini neno lake hata moja.

Kwa hiyo alisema kweli yote.

"Chukua cheusi, mtani. Weusi huo si ubovu. Ukikipaka mafuta kidogo, utakitumia msimu mzima."

Hamudi alimtazama, akamtazama Nurdin, akacheka. "Mama Upendo, kisu hicho kina upele. Kawazike nacho wajomba zako."

Akanunua stenlesi, akaenda zake ameridhika. Dorika akanunua cheusi. Njiani aliuchunguza moyo wake atafute dhambi, asiione, ila furaha ilikuwa imezidi kidogo.

Kabla ya wiki kuisha, Hamudi alibisha hodi kwa Dorika. Kisu chake kilikuwa butu kama kijiko. Aliomba kukiona kile cheusi, akakijaribu kwenye ukucha, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni mwake. Kile chake cha stenlesi akakiacha juu ya kinu.

"Sasa nimekuamini, mtani," alisema, akaondoka.

Mtani akichukua kitu chako, huna ruhusa ya kukasirika. Dorika alimwomba Mungu subira, naye akajaliwa ya kumfikisha asubuhi. Kulipokucha alikwenda kwa Hamudi, akamsalimu mkewe vizuri, akaulizia watoto, kisha akambeba jogoo wao mkubwa kwapani.

Kwa kazi ya kumchinja jogoo mmoja, stenlesi ilitosha kabisa.