Nywele Zote Ndani ya Kofia

Sheria ilipopitishwa, na mimi nilipiga makofi.

Ilikuwa Februari, kwenye ukumbi wa hapa Hagsätra ambapo bendi ya vijana hufanya mazoezi. Mama alikuwa kazini Farsta, kwenye nyumba ya wazee, akanituma mimi kwenye mkutano wa wazazi kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, Heshima. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na makoti. Birgitta, kiongozi wa bendi, alizungumza sana, kwa Kiswidi, juu ya usawa. Zamani wavulana walilazimika kukata nywele, wasichana wakaruhusiwa kuachia zao mgongoni. Axel, mpiga tarumbeta mwenye nywele ndefu za manjano, aliuliza kwa nini yeye akatwe na wasichana waachwe. Viongozi wakaona ana haki. Kuanzia sasa sheria ni moja: uwe mvulana, uwe msichana, fuga nywele upendavyo, ila zote ziingie ndani ya kofia ya sare, usionekane hata unywele mmoja kwenye kola.

Watu wakapiga makofi. Nikapiga. Birgitta akauliza kama kuna mwenye swali, akatuangalia mmoja mmoja. Aliponifikia nilitazama viatu vyangu.

Kofia zikaletwa Mei.

Heshima alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nywele zake hazikuwahi kukatwa tangu azaliwe kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Mimi ndiye niliyezisuka, kila Jumapili baada ya kanisa, yeye kakaa sakafuni kati ya magoti yangu. Zote zilikuwa zake, sikuongeza rasta hata moja. Axel alizikunja zake mara mbili, akavaa kofia, basi. Sisi tulihangaika siku tatu. Nilisuka mistari ya kulala, miisho ikajaa kisogoni kama ngumi, kofia ikamwinamia puani. Nikaibana miisho juu, kofia ikakaa hewani.

"Umekuwa chupa yenye kizibo," nilisema, nikicheka ili na yeye acheke.

"Dada Orpha, si mchezo. Ambaye kofia haimwenei haandamani. Anabeba maji."

Tarehe sita Juni, sikukuu ya taifa, bendi ingepita mjini, na Heshima angetembea mstari wa mbele na ngoma ndogo kwa mara ya kwanza. Miaka miwili alikuwa akiipiga meza yetu ya jikoni kwa vijiti vya ngoma mpaka rangi ikatoka.

"Nitamwuliza Birgitta," akasema.

"Umwulize nini?"

"Kama naweza kwenda bila kofia."

"Usituaibishe. Mkubwa ameshaandika, wewe mtoto unataka afute?"

"Hapa watu wanauliza, dada. Basi piga simu wewe."

"Kwa Kiswidi gani?"

"Hicho hicho ulicho nacho."

Nilishika simu mara mbili, nikairudisha mezani. Shule ya kambini niliishia darasa la nne, lakini jambo moja nililielewa vizuri. Asubuhi tulipanga foleni, mwalimu wa zamu akisimama mlangoni na mkasi. Aliyeonekana nywele zimeota alikatwa njia moja katikati ya kichwa, akamalizie nyumbani. Wavulana na wasichana, wote sawa. Sikumsikia mtu akiuliza. Heshima alitoka kule akiwa mdogo, hakupanga foleni ile, na kila nilipomsuka nililifurahia hilo kimoyomoyo.

Mama nilipomweleza alisema, "Wewe ndiye fundi wa nywele. Fanyeni wanavyotaka."

Siku moja kabla ya sikukuu Heshima alikaa sakafuni kama kawaida, mgongo wake kwenye magoti yangu.

"Kata," akasema.

"Una hakika?"

"Nataka ngoma."

Nilikata msuko mmoja mmoja, nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki, sijui kwa nini. Hakulia. Kofia ilimwenea vizuri kabisa.

Kesho yake tulifika mapema. Watoto walikuwa wakijipanga, na katika mstari wa pili nilimwona Elvire, binti wa Juvénal, yule Mrundi tunayesali naye. Alikuwa na filimbi mkononi na kichwa wazi. Misuko yake ilimfika kiunoni, imefungwa utepe wa bluu na njano.

"Na kofia yake?" nilimwuliza Juvénal.

"Iko nyumbani. Haikuingia, nikapiga simu. Dakika mbili tu. Wakasema, basi aende bila kofia." Kisha akamwona Heshima. "Eh! Huyu mmemfanya nini?"

Birgitta alikuja kurekebisha mkanda wa ngoma. Akamtazama Heshima shingoni, akatazama chini ya kofia, akaweka mkono mdomoni. Alinigeukia, akasema polepole ili nielewe, na nilielewa kila neno. Kwa nini hamkuuliza?

Neno moja tu ndilo lililonijia.

"Tack," nikasema. Nilimwambia asante.

Heshima alisikia. Alipiga ngoma vizuri siku ile, hakukosea hata pigo moja, na njia nzima hakunitazama.

Kwenye treni ya kurudi Hagsätra hakuivua kofia. Nilimwambia nywele zitaota. Akanijibu kwa Kiswidi, nikamwambia sema tena. Akatoa simu yake, akabonyeza, akaniwekea mkononi.

"Basi mwambie sirudi tena kwenye bendi. Wewe ndiye mkubwa."

"Heshima, subiri kwanza."

Ilikuwa tayari inaita. Mara nikamsikia Birgitta akitaja jina lake, kama wanavyofanya watu wa hapa wakipokea simu, halafu akangoja. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa la mtoto. Nilitaka kumwambia habari za mwalimu wa zamu. Akasema "Hallå?" mara ya kwanza, na ya pili.

Heshima aliichukua simu mkononi mwangu, akageukia dirishani, akasema mwenyewe kwamba harudi tena.