Mraba wa Ishirini na Saba

Usiku wa jana, baada ya kusali na kufunika daftari langu la masomo ya jioni, niliota niko ndani ya ukuta wa shule.

Sikushangaa. Ukuta ule naufahamu. Darasa letu la tatu liliuchora, pamoja na Fundi Ntandu, mchoraji wa mabango ya pale sokoni: ng'ombe saba wanakwenda kisimani. Fundi aliugawa ukuta miraba arobaini, kila mtoto mmoja. Mwalimu akatuonya, "Marufuku kugusa mraba wa mwenzako!" Mimi nilipewa wa ishirini na saba, jicho la ng'ombe wa mbele. Kabla siku ya kuchora haijafika, baba alinitoa shule nikachunge mbuzi. Jicho likabaki chokaa tupu. Watoto wale walitii mno.

Sasa nina miaka arobaini na minane, nasoma jioni katika shule ileile, na leo Jumamosi ukuta unapakwa chokaa ili watoto wa siku hizi wachore ya kwao.

Katika ndoto niko mraba wa kwanza, najaribu kuvuka. Mstari unanizuia kifuani kama kamba.

"Piga hodi," mstari unasema. "Kwenu hakuna adabu?"

"Hodi!"

"Karibu," anajibu Yuditha, tuliyekaa naye dawati moja. Bado ana miaka kumi, bado ana pengo. "Pangusa miguu, Elipendo. Hapa ni anga."

Napangusa.

"Mbona umezeeka hivyo? Ulisema unakwenda mara moja tu."

"Mbuzi walikuwa wengi."

Anaitikia kwa kichwa. Hilo analielewa. Ananimegea kiazi, nusu kubwa yangu, kama zamani. Nalia kidogo, na machozi yananyesha kwenye mraba wa chini, ambako mtu anafoka kwamba ameanika.

Napiga hodi kwa wenzangu wote, mmoja mmoja. Wa mwisho ni wangu. Ndani ni kanisa letu la zamani, jeupe, bila mabenchi. Fundi Ntandu amekaa mlangoni, anatafuna kijiti cha mwarobaini. Brashi zilipokuwa hazitoshi, ndivyo alivyotufundisha: tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, chovya, chora.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Tafuna."

"Fundi, wewe si ulifariki?"

"Ndiyo, kwa hiyo sina haraka. Mwenye haraka ni wewe. Sikiliza."

Nasikiliza. Ndoo za chokaa zinakuja kwa miguu, zinaulizana njia.

Ng'ombe wa mbele anaingiza kichwa dirishani. Pale penye jicho ni peupe.

"Samahani, mama," anasema. "Mwaka wa thelathini na nane huu nawaongoza wenzangu kwa kunusa. Tumefika?"

"Bado."

"Nilihisi. Wananyamaza kwa heshima tu."

Natafuna. Uchungu unapanda hadi masikioni. Nachovya kijiti kwenye rangi nyeusi, naupeleka mkono penye jicho, unakwama, mkono huuhuu ambao juzi darasani ulishindwa kuandika jina langu mahali palipoachwa wazi kwenye fomu.

"Nikitoka nje ya mstari?"

"Mstari nitaushika mimi," anasema Fundi, na anaushika kweli, kwa mikono miwili.

Naomba: Bwana, ng'ombe huyu nilimwacha mara moja. Usiniache nimwache tena.

"Hodi!" ndoo zinagonga.

"Subirini nje," Fundi anazijibu. "Mtoto anamalizia."

Nazungusha duara. Nalijaza. Naacha nukta nyeupe katikati, kama alivyotuelekeza.

Ng'ombe anapepesa. Ananitazama sana.

"Kumbe ndiye wewe. Umezeeka."

"Wewe hujazeeka."

"Sikuiona miaka ikipita." Anageuza shingo, anatazama huku na huku. Kisha anawaambia wenzake, kwa sauti ya chini, "Jamani, kisima kiko nyuma yetu."

Ng'ombe sita wanageuka. Hakuna anayelaumu.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, mdomo mchungu. Mimi napiga mswaki wa dukani, na mtaani kwetu hakuna mwarobaini hata mmoja. Nikapitisha ulimi, nikachomoa katikati ya meno uzi mmoja wa kijiti. Ncha yake ni nyeusi, na rangi haijakauka.

Nimeulaza ndani ya Biblia. Sasa nafunga viatu. Nataka nifike ukutani kabla ya ndoo za chokaa.